Kipande cha Kumi

Inspekta alitoka kwenye sala ya asubuhi akikung'uta sketi yake nyeusi kwenye magoti. Vumbi la kijivu lilitoka, laini kama poda, na kidogo likabaki kwenye kiganja chake. Alikipangusa kiganja ubavuni, akashuka ngazi za kanisa mpaka barabarani. Koplo alikuwa anamsubiri juu ya pikipiki ya kituo, mkate umefungwa kwenye gazeti.

"Jambo afande. Leo ulikuwa unasali au ulikuwa unalima?"

"Jambo. Ungekuwa unasali na wewe, usingepata nafasi ya kukagua magoti ya watu."

"Nimesali. Nimeomba utoke mapema, maana njaa inaniuma."

Alimpa mkate. Inspekta aliumega katikati kwa mikono yake, akamrudishia nusu. Walikula wamesimama.

"Mkuu wa kituo amesemaje?"

"Kesho asubuhi mpishi anapanda kizimbani. Kosa la kuua. Anataka faili lifungwe leo."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na shule ya chekechea, ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Mtoto mmoja wa kike wa darasa la wadogo alishikwa na degedege, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Wenzake wakaanza kulazwa mmoja baada ya mwingine. Hospitali ilipopima damu yao ilikuta madini ya risasi kwa kiwango cha kutisha. Uji wa watoto ulipita mikononi mwa mtu mmoja, mpishi wa shule, na mpishi huyo aligombana na mkuu wa shule mbele ya wazazi getini, akapiga kelele: "Mtanikumbuka!" Mashahidi walikuwa tele. Akakamatwa.

Mtaa mzima ulisema ni uji. Muuza mkaa alisema ni uji. Fundi viatu, ambaye hakuwa na mtoto wala mjukuu pale, naye alisema ni uji. Hilo ndilo lililomtia Inspekta shaka. Watu wa mtaa ule hawakuwahi kukubaliana hata juu ya zamu za bomba la maji. Safari hii walikuwa na jibu moja, kwa maneno yale yale. Palikuwa na mtu aliyeligawa.

"Tuanze na mpishi," alisema.

*

Mpishi aliletwa kutoka mahabusu akiwa peku. Alikuwa mwanamke mpana, mikono imejaa alama za moto wa jikoni, na sauti yake ilijaza chumba kabla hajakaa.

"Mmekuja kuniuliza tena sumu niliinunua duka gani?"

"Nimekuja kukuuliza uji unaupikaje," alisema Inspekta.

Mpishi alimtazama kwa jicho la pembeni. "Maji, unga, sukari, ndimu kidogo. Kuna mtu amekutuma upate mapishi?"

"Nani anauonja?"

"Mimi. Nikichanganya chumvi na sukari nitajuaje?"

"Unaonja tu au unakunywa?"

"Nakunywa kikombe kizima, cha bati, kile kikubwa. Niangalie, afande. Nimekonda?"

Koplo alikohoa, akageukia dirisha.

"Ulisema mtanikumbuka. Ulikuwa na maana gani?"

"Nilikuwa naacha kazi! Mtu akiacha kazi asemeje? Asante kwa matusi?" Mpishi aliinama mbele. "Kila asubuhi wanakung'uta vigodoro vya watoto mlangoni pa jiko langu. Vumbi linakuja kama nimefungua gunia la majivu. Nikasema, jamani, kung'utieni kwingine, huku kuna chakula. Mama Mlezi, mkuu wetu wa shule, akaniambia, wewe shughulika na mwiko wako. Mbele ya wazazi! Na nyumbani siwezi kulalamika, kwa sababu aliyevishona ni mama mkwe wangu."

"Vumbi liliingia kwenye uji?"

Lilikuwa swali la hatari, na mpishi alilijua.

"Nafunika," alisema, sauti imeshuka. "Sufuria yangu haikai wazi, afande. Naapa mbele ya Mungu, nafunika."

"Vigodoro hivyo vilikuwa vya kitambaa gani?"

"Kizito, cha kijivu. Kizuri, kusema kweli. Laini kama blanketi." Alifikiri. "Lakini hata ukikung'uta mpaka mkono uchoke, hakiishi vumbi."

*

Kwenye wodi ya watoto palikuwa na kelele, lakini si za michezo. Mtoto mmoja alilia ameshika tumbo, gumu kama ngoma. Mwingine alikaa kitandani akivuta nywele zake, akiachia, akivuta tena. Mama yake alimshika mikono, akasema bila kuulizwa, "Huyu alikuwa anaimba. Alikuwa anatuchosha kwa kuimba. Sasa hata neno mama hasemi."

Daktari aliwapeleka pembeni. Alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala.

"Atasema tena?" Inspekta aliuliza.

"Labda. Kuna vitu vinarudi na vingine havirudi. Risasi inaingia kwenye damu, halafu inahamia kwenye mifupa na ubongo. Naweza kuitoa kiasi. Lakini nikiwatibu halafu warudi palepale walipoipata, nitawazika."

"Sufuria tuliyokuletea?"

"Imepimwa, haina kitu. Unga hauna kitu. Sukari haina kitu. Maji ya bomba yako sawa."

"Basi ni moshi wa kiwanda," alisema Koplo. "Kesi imekwisha."

Daktari alitikisa kichwa. "Moshi unamfikia kila mtu. Nimepima watu wazima wa mtaa ule, na nimepima darasa la wakubwa la shule ileile. Wote wanayo damuni, sijakuta hata mmoja aliye safi. Hilo nalo ni kesi, kama kuna atakayeifungua. Lakini hawa wadogo wanayo mara nyingi zaidi. Kuna kitu kimewafikia wao ambacho hakijawafikia wengine."

"Darasa la wakubwa wanakunywa uji?"

"Wa sufuria moja na hawa."

Inspekta alipita tena kitanda kwa kitanda. Kwenye kitanda cha mwisho alimkuta mwalimu msaidizi wa chekechea akimnyonyesha mtoto mchanga. Mtoto alinyonya kidogo, akaacha, akalia kwa sauti nyembamba.

"Na huyu naye?"

"Naye, afande. Daktari anasema yake iko juu sana."

"Ameanza uji?"

"Bado. Ni maziwa yangu tu. Na mimi nimepimwa, siko kama yeye."

"Ukiwa kazini unamweka wapi?"

"Namlaza na wale wadogo. Analala nao, anaamka nao. Nikifundisha namwacha palepale."

"Na darasa la wakubwa, hulala saa ngapi?"

"Wakubwa hawalali shuleni. Adhuhuri wanakwenda kwao."

Inspekta alimshukuru, akatoka mpaka barazani. Koplo alimfuata.

"Mtoto asiyekunywa uji anaumwa," alisema Inspekta, "na wanaokunywa uji lakini hawalali ni wazima kuliko wenzao. Sasa niambie, Koplo, tutafute nini?"

Koplo alijikuna kidevu. "Kitanda."

Daktari alikuwa amesikia. "Kwa watu wazima wanaoishika risasi kwa wingi, angalieni ufizi," alisema. "Chini ya meno panatokea mstari wa buluu. Na mkono unalegea kwenye kifundo, kama ua lililokosa maji. Mkimwona mtu wa namna hiyo, mleteni kwangu."

*

Kwenye chumba cha kulala cha chekechea vigodoro vilipangwa sakafuni, vya buluu, vipya. Harufu ya plastiki ilikuwa bado mbichi. Sakafu ilikuwa imesuguliwa mpaka saruji imeng'aa.

Mama Mlezi, mkuu wa shule, alisimama mlangoni kama mtu anayetaka wageni wasikae. Alikuwa mtu mzima, nadhifu, funguo zimening'inia shingoni.

"Usafi mzuri," alisema Inspekta.

"Tunajitahidi."

"Vigodoro vya zamani viko wapi?"

"Vilichakaa."

"Vyote kwa pamoja?"

Mama Mlezi alizishika funguo zisilie. "Kiwanda kimetuletea hivi. Wakachukua vile."

"Siku gani?"

"Siku ile ya msiba."

"Siku mtoto alipofariki? Majibu ya damu yalikuwa yametoka?"

"Bado."

"Kwa hiyo daktari alikuwa hajui, mimi sijui, wewe mwenyewe hujui, lakini kiwanda kilijua cha kuja kuchukua."

Nje, mtu alikuwa anafagia uwanja mtupu.

"Kitambaa cha vile vya kwanza kilitoka wapi, mama?"

"Kilitoka kwao pia. Walitupa kama msaada. Tulipiga picha." Ghafla sauti yake ilikaza. "Afande, tazama juu. Paa hili ni la kiwanda. Madawati ni ya kiwanda. Baba wa kila mtoto unayemwona kwenye picha pale ukutani, unadhani anafanya kazi wapi? Wewe utauliza maswali yako uende. Mimi nabaki hapa."

"Nani alikuambia useme ni uji?"

"Sikusema mimi."

"Nani alisema kwanza?"

Mama Mlezi alitazama picha za watoto. Moja ilikuwa imezungushiwa utepe mweusi.

"Bwana Usalama wa kiwanda alikuja kunipa pole," alisema taratibu. "Akaniuliza, mama, watoto wanakula nini hapa? Nikasema uji. Akasema, basi watu wataulizia uji, uwe tayari. Jioni yake kila mtu alikuwa ananiuliza uji. Na mimi nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo, labda ni uji."

Inspekta alivuta kiti, akapanda, akapitisha karatasi nyeupe juu ya fremu ya dirisha, mahali ambapo fagio halikufika. Karatasi ilishuka ikiwa ya kijivu.

"Tumempata!" Koplo alinong'ona.

"Hujampata mtu. Watasema vumbi hili limetoka kwenye bomba la moshi, na bomba lina kibali." Aliikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha. "Nataka kitambaa."

*

Bwana Usalama ndiye aliyesimamia usalama wa wafanyakazi kiwandani. Kofia yake ngumu ilikuwa nyeupe bila hata mkwaruzo. Aliwapokea kwa mikono miwili, akaagiza chai, akasikitika juu ya watoto kabla ya kuulizwa.

"Mtuambie tu tusaidie wapi. Majeneza, dawa, chochote. Yule mpishi amekiri?"

"Tuonyeshe kwanza mnavyozuia vumbi," alisema Inspekta.

Aliwatembeza kwa fahari. Kwenye jengo la nyuma, mifuko mirefu ya kitambaa kizito ilining'inia kwa safu kutoka darini, kama suruali za majitu zimeanikwa. Hewa ya tanuri ilipita ndani yake, alieleza, vumbi likanasa kwenye kitambaa, na kilichotoka nje kikawa hewa karibu safi.

"Bila hii mifuko majirani wangekula risasi asubuhi na jioni," alisema. "Sisi tunawajali majirani."

"Ikichakaa?"

"Inafungwa, inazikwa kwenye shimo la zege. Ndio utaratibu."

"Tunaweza kuliona shimo?"

"Lina kufuli. Mwenye ufunguo amesafiri."

"Amesafiri lini?"

"Juzi juzi hapa."

Inspekta aliutazama mfuko mmoja mpya uliokuwa umekunjwa juu ya meza. Ulikuwa mzito, laini kama blanketi. Hakuugusa.

"Kitambaa mlichowapa chekechea kilikuwa cha namna hii?"

"Hapana, hapana. Kile kilikuwa kitambaa cha kawaida cha stoo. Kipya kabisa."

"Na vile vigodoro mlivyochukua viko wapi?"

"Tulivichoma. Msiba umetokea, watoto wanaumwa, hatujui ni kitu gani. Unachoma. Ni afya tu."

"Mlikuwa hamjui ni kitu gani, lakini hamkuchoma sufuria. Mlichoma msaada wenu wenyewe, uliokuwa mpya."

"Inspekta, usinitafutie makosa. Kitambaa kile kilifuliwa mara tatu kabla ya—"

Feni kubwa za jengo zilivuma. Koplo aliacha kuandika, akainua uso.

"Kitambaa kipya," alisema Inspekta, "mlikifua mara tatu."

"Kiwe laini," alisema Bwana Usalama. Tabasamu lilikuwa limerudi, ila upande mmoja wa mdomo ulichelewa. "Kwa ngozi ya watoto. Mnasema ninyi ni wapelelezi, nami nawaheshimu. Lakini maneno ni maneno. Mkipata hata kipande kimoja cha kitambaa kile, nileteeni. Nitakijibu mbele ya hakimu."

Alisema kama mtu aliyekwisha kuchungulia chini ya kila kitanda. Walipofika getini aliongeza, "Mkimwona yule bibi fundi, mpeni salamu. Tumempelekea cherehani ya umeme. Mzee kama yule anahitaji kupumzika miguu."

Koplo alipiga pikipiki teke, ikawaka. "Bibi fundi ndiye mama mkwe wa mpishi?"

"Ndiye."

"Amempa cherehani ili anyamaze."

"Au ili apate sababu ya kuingia ndani kwake," alisema Inspekta. "Twende."

*

Bibi fundi alikuwa barazani kwake, anashona kwa cherehani ya zamani ya kukanyaga. Ile ya umeme ilikuwa kando, ndani ya boksi, juu yake amekaa paka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmeniletea mkwe wangu au mmekuja mikono mitupu?"

"Bado, bibi."

"Nyumba imekuwa kimya. Sikujua kama nitaukosa ule mdomo." Alilamba ncha ya uzi, akaielekeza kwenye tundu la sindano. Mkono ukashuka wenyewe kwenye kifundo. Akauinua kwa mkono wa pili kama anayeinua kitu cha mtu mwingine. "Ana mdomo, ndiyo. Hana sumu. Mwanamke anayegombana kwa sauti hana muda wa kutega."

"Mbona hutumii mashine mpya?"

"Inakimbia kuliko mimi."

Alicheka, na Inspekta aliona. Ufizi wa chini, pale ulipokutana na meno, ulikuwa na mstari mwembamba wa buluu iliyokolea, kama umechorwa kwa kalamu. Alimtazama Koplo. Koplo alikuwa ameuona pia.

"Tumbo lako, bibi, linafanya kazi?"

"Limefunga kama duka la mtu aliyefiwa. Nimekunywa majani yote. Kwani umekuwa daktari?"

"Nikikuomba uende kwa daktari leo, utakwenda?"

"Nikimaliza pindo hili."

Inspekta aliketi kwenye kigoda. "Vile vigodoro vya watoto ulivishona peke yako?"

"Peke yangu. Walileta mifuko mirefu, imefungwa. Nikaichana mishono, nikakata, nikapanga tabaka tatu tatu. Kitambaa kigumu kuchoma sindano, lakini kizuri. Ilibidi nikate uzi kwa meno, mkasi ulikuwa butu."

"Ilikuwa na vumbi?"

"Ah, mwanangu! Nilikuwa napiga chafya mpaka majirani wananipa pole."

"Umebakiwa na kipande? Hata cha kufutia mashine?"

"Hakuna. Alikuja yule bwana wa kofia nyeupe mwenyewe na vijana wake, siku walipoleta boksi hili. Walibeba hata vipande vya kufungia nyanya. Aliinama chini ya meza yangu na suruali yake nzuri. Nikasema, huyu anatafuta nini, sindano?"

Koplo alishusha pumzi. Inspekta hakusogea.

"Kwa hiyo kila ulichoshona kwa kitambaa kile kilikwenda chekechea."

Miguu ya bibi iliacha kukanyaga. Gurudumu la cherehani lilizunguka kidogo, likasimama.

"Vya watoto vilikwenda kwa watoto," alisema.

"Na visivyo vya watoto?"

"Hivyo siwezi kukuambia."

"Ni vya nani?"

"Si vya mtu." Aliukunja mdomo. "Sadaka haitangazwi, mwanangu. Ukiitangaza umekwisha kulipwa."

"Bibi, nami nasali. Nisingekuuliza kwa mchezo. Kesho asubuhi mkwe wako anapelekwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuua mtoto. Na wale watoto waliolazwa walikuwa wanalala juu ya kazi ya mikono yako."

Ilimchukua bibi muda kuyapokea maneno hayo. Alivitazama vidole vyake, kisha boksi, kisha paka. Alipozungumza, alizungumza na cherehani.

"Tangu nilipojifunza kushona, kila kitambaa kinachoingia hapa, kipande cha kumi ni cha Mungu. Nahesabu tisa vya mwenye kazi, cha kumi naweka pembeni. Hakuna anayejua. Hata mchungaji hajui. Yule bwana aliniuliza, umeshona nini kingine cha kwako? Nikamwambia kweli, cha kwangu sina."

"Ukaviweka wapi, bibi?"

"Niliona watu wanapiga magoti kwenye saruji. Wengine wazee kama mimi." Aliinua macho. "Nikashona mito midogo ya kupigia magoti. Naipeleka asubuhi na mapema kabla ya watu."

Koplo alimtazama Inspekta usoni, kisha macho yakashuka polepole mpaka kwenye magoti ya sketi nyeusi. Safari hii hakutania.

*

Kanisa lilikuwa tupu, milango wazi, jua la adhuhuri limeingia mpaka katikati. Mito ya kijivu ilikuwa chini ya mabenchi, mmoja mmoja, imeshonwa pindo jeupe la maua. Mlinzi wa kanisa aliitwa awe shahidi. Bibi fundi alikuja nao, lakini Inspekta alimwomba akae nje, kwenye kivuli cha ukuta, asiingie.

Alivaa glavu, akafunga kitambaa puani. Koplo akafanya vilevile, akaushika mto mmoja juu ya karatasi kubwa nyeupe. Inspekta alikata mshono upande mmoja kwa wembe. Vumbi lilimwagika kwenye karatasi bila sauti, kama unga unavyotoka kwenye mfuko uliotoboka. Tabaka ya kwanza, tabaka ya pili. Alipoigeuza ya tatu, upande wa ndani ulikuwa na maandishi mekundu yaliyofifia. Ilikuwa nembo ya kiwanda, na chini yake: MFUKO WA CHUJIO. HATARI. USITUMIKE TENA.

"Soma kwa sauti," alimwambia mlinzi. Mlinzi alisoma, akarudi nyuma hatua moja.

"Yule bibi hakuyaona?" Koplo aliuliza.

Inspekta alitoka mpaka mlangoni, akamuuliza.

"Niliona nembo nyekundu," alisema bibi. "Miwani yangu ilivunjika zamani. Nikaigeuzia ndani, kwa watoto na huku pia. Kitu cha Mungu kisiwe na tangazo la kiwanda. Kwani iliandikwaje?"

Alimsomea neno kwa neno. Bibi alisikiliza ameshika ukuta.

Inspekta alifunga ule mto kwenye mfuko wa vielelezo, mlinzi akaweka sahihi, Koplo akaweka sahihi. Kisha akampigia Mkuu wa kituo.

"Nimepata kitambaa."

"Kitambaa kipi? Si kilichomwa?"

"Hiki kilibaki. Kina nembo yao na onyo lao wenyewe. Walitoa mifuko ya vumbi la risasi, watoto wakalalia."

"Umekikuta wapi?"

"Kanisani."

"Nani alikificha huko?"

"Hakikufichwa, mkuu. Kilitolewa."

Upande wa pili mtu alisikika akifungua droo, akaifunga.

"Na mpishi?"

"Atoke leo. Faili lisifungwe, libadilishwe mshtakiwa. Na naomba watu waende kwenye lile shimo la zege kabla mwenye ufunguo hajarudi safari. Sidhani kama lina kitu."

Mkuu alivuta pumzi ndefu. "Nitamtoa," alisema, akakata simu.

Bibi fundi alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, mkono uliolegea mapajani.

"Mkwe wako anarudi nyumbani leo," Inspekta alimwambia.

Bibi aliitikia kwa kichwa. Machozi yalishuka, hakuyafuta. "Nilimpa Mungu sumu," alisema. "Tisa nikawapa watoto, cha kumi nikampa Yeye."

Inspekta alichuchumaa mbele yake. "Yule bwana alikusanya kwa kila mtu, bibi. Shuleni alikusanya, kwako alikusanya, chini ya meza alikusanya. Kwa Mungu tu hakudai. Kingekuwa chako, leo tusingekuwa nacho."

Bibi aliitazama milango ya kanisa, akasema, "Jioni watu watakuja kusali."

"Watasali nje. Mlinzi, funga milango yote. Asiguse mtu, asifagie mtu."

Milango ilifungwa, kufuli likalia. Inspekta alisimama, na kwa mazoea tu mkono wake ulikwenda kwenye magoti kukung'uta sketi.

Koplo aliudaka mkono huo hewani.

"Usikung'ute, afande." Uso wake ulikuwa mkavu, bila hata alama ya mzaha. "Tumpeleke bibi kwa daktari, na sisi tupimwe hukohuko."

"Sisi?"

"Wewe ulipiga magoti juu ya mito hiyo," alisema Koplo. "Halafu ukanimegea mkate."